Namna ya kuifaidi bia ya rai baa na washkaji: mwongozo kwa anayeanza, kutoka Grand Rapids

Wadau, kuna bia moja wengi wetu tunaipita tu kwenye menyu kwa sababu hatujui ni kitu gani, nayo ni bia ya rai. Mi naishi Grand Rapids, Michigan, mji ambao mwaka 2012 ulishinda kura ya mtandaoni ya mji wa bia wa Marekani ukiwa sare na Asheville ya North Carolina, na 2013 ukashinda peke yake, halafu nimekaa mji huo huo karibia miaka miwili kila wikendi naagiza lager ileile inayouzwa mpaka sheli. Siku nilipokuja kuielewa rai nikasema hapana, hii lazima watu wangu waijue. Ila lazima pia wajue namna ya kuinywa, maana ukiinywa vile tulivyozoea kunywa bia nyumbani, baridi ya kuganda na raundi juu ya raundi, ladha yake hutaisikia na kesho yake utaichukia bure. Hii bia ni ya kukaa nayo. Glasi moja, stori ndefu. Yote nitakayoandika hapa chini yanarudi hapohapo.

Kabla ya kutoka nyumbani, ujue unaenda kunywa nini

Rai ni nafaka, ndugu wa ngano na shayiri, inalimwa sana Ujerumani, Poland, Urusi na kule Skandinavia kwa sababu inavumilia baridi na udongo hafifu ambao ngano inashindwa. Ule mkate mweusi mzito wa Wajerumani na Warusi ndo unatokana na rai. Kwenye menyu za huku utaona wameandika Rye, au Rye IPA, au Rye Pale Ale (IPA na Pale Ale ni aina za bia zenye uchungu), na ukiwa baa ya Kijerumani wanaandika Roggenbier. Kuna bia nyingine jina lake halisemi chochote kuhusu rai kwa hiyo soma yale maandishi madogo chini yake, ndo yanataja nafaka.

Bia ya kawaida inatengenezwa kwa kimea cha shayiri, na kimea ni kilekile tunachokijua, nafaka inalowekwa, inaachwa ichipue, inakaushwa. Sisi wa Kilimanjaro hapa hatuhitaji kufundishwa sana, mbege ni ndizi na kimea cha ulezi, na ule uchungu wake unatoka kwenye gome la msesewe. Bia za krafti, yaani za viwanda vidogo, zinafuata akili hiyohiyo, kuna utamu wa nafaka halafu kuna kitu kichungu kinausimamia usizidi, kwao ni hopsi (maua ya mmea fulani), kwetu ni msesewe. Nilivyolielewa hilo nikaacha kuziogopa bia chungu za huku.

Sasa rai inaleta nini pale kwenye shayiri? Inaleta ukali mdogo kama wa pilipili manga, sio wa kuwasha, ni wa kuchangamsha ulimi. Inaleta harufu ya mkate ulioiva vizuri. Rangi mara nyingi inakuwa ya shaba au nyekundu ya kahawia, japo hiyo inategemea pia vimea vingine walivyochanganya. Na inaleta uzito fulani mdomoni, ulaini kama wa uji mwembamba. Niliwahi kutembezwa kwenye kiwanda kidogo siku wanapika bia ya rai, mpishi akachota ule uji wa nafaka kwenye upawa akaunyanyua, aisee unavutika kama mlenda! Akanieleza kwamba shayiri ina maganda, na maganda yale yakitulia chini ya pipa yanakuwa chujio, maji matamu yanapita vizuri. Rai haina ganda, halafu ina mnato wa asili mwingi, uji unagoma kushuka, wanaweza kukaa masaa wanasubiri. Kwa hiyo wanachanganya na maganda ya mpunga ili maji yapate njia. Ndo maana pia wengi wanaweka rai kidogo tu, asilimia 10 mpaka 20 ya nafaka yote. Hop Rod Rye ya Bear Republic kule California, ambayo ni moja ya zilizowafundisha Wamarekani wengi kunywa rai, ilikuwa na rai asilimia 18. Roggenbier ya Kijerumani inaweza kufika nusu na zaidi, hiyo ukiipata utajua kabisa uko kwenye kitu kingine.

Kidogo tu kuhusu ilikotoka, maana mezani kuna mtu lazima atauliza. Tarehe 23 Aprili 1516 watawala wa Bavaria wakiwa Ingolstadt walipitisha sheria kwamba bia ni shayiri, hopsi na maji, basi. Sababu mojawapo inayotajwa sana ni kwamba ngano na rai ziachiwe waoka mikate, watu wale kwanza. Bia ya rai ikafifia kule karne nyingi, mpaka 1988 kiwanda cha Schierling, hukohuko Bavaria, kikairudisha sokoni. Wafini wao hawakuiacha, wana pombe yao ya kienyeji inaitwa sahti, wanaweka rai na matawi ya mreteni na wanachuja kwenye gogo lililochimbwa kama mtumbwi. Marekani ilipamba moto na hizi bia za krafti, mfano Terrapin ya Athens, Georgia, ilianza 2002 na bia ya rai kama bia yake ya kwanza na mwaka huohuo ikachukua dhahabu kwenye tamasha kubwa la bia la Denver. Hapa kwetu Grand Rapids kuna Founders, ilianza 1997, na Red's Rye yao ya kilevi asilimia 6.6 ndo ilikuwa rai ya kwanza kwa watu wengi wa mji huu, mimi nikiwemo.

Hatua ya 1: panga siku, baa na watu

Usiende Ijumaa saa tatu usiku. Kelele inakuwa nyingi, mhudumu hana muda wa kukujibu swali lolote na mnaishia kupiga kelele badala ya kuongea. Sisi tunaenda Jumatano au Jumapili mchana, baa imetulia, ukiuliza hii bia ikoje anakuonjesha na kukueleza. Watu watatu mpaka watano inatosha kabisa. Sisi ni wanne mara nyingi, mimi, kaka mmoja wa Uvira (Wakongo ni wengi sana mji huu, ukipita mitaa fulani Kiswahili unakisikia kama uko nyumbani), dada mmoja wa Bungoma, na shemeji yangu akiwa amekuja kututembelea.

Chagua sehemu yenye bia nyingi za bomba, na piga simu kwanza au angalia menyu yao mtandaoni uone kama rai ipo siku hiyo, kwa sababu hizi bia zinakuja na kuondoka, nyingine zinatoka kipindi cha baridi tu. Hapa mjini kuna sehemu zenye stori zake, Brewery Vivant wapo kwenye jengo lililokuwa kanisa dogo la nyumba ya mazishi, Mitten wapo kwenye kituo cha zamani cha zimamoto. Sikuhakikishii kwamba utakuta rai siku utakayoenda, ila utakuta watu wanaoijua.

Kitambulisho! Huku chini ya miaka 21 huuziwi, na wanamuomba kila mtu hata mwenye mvi. Shemeji yangu ana miaka 41, alikuja na kitambulisho cha taifa cha nyumbani, kijana wa mlangoni akakiangalia mbele nyuma akasema hapana, hakijui. Tukarudi nyumbani dakika 25 kwenye theluji kuchukua pasipoti. Mgeni wako mwambie kabisa asubuhi, shemeji pasipoti iweke kwenye koti.

Na hapohapo kwenye kupanga, amueni nani anaendesha, na huyo haonji. Usiliache hilo mpaka saa ya kutoka.

Hatua ya 2: kula

Kula kabla ya kwenda. Chakula cha kueleweka, wali maharage, ugali, chochote chenye uzito. Sina la kuongeza hapo.

Hatua ya 3: kuagiza

Ukifika kaunta watakuuliza kama unafungua bili au unalipa kila unapoagiza. Ukifungua bili wanachukua kadi yako ya benki wanaiingiza kwenye mashine na unalipa mwisho. Kama mko wengi, kila mtu afungue ya kwake, ugomvi wa nani kanywa nini unaisha kabla haujaanza. Tipu usisahau, ni dola moja kwa glasi ukiwa unalipa papo kwa papo, au kama asilimia 20 ya bili mwishoni. Wale wahudumu mshahara wao wa msingi ni mdogo, tipu ndo maisha yao, na mhudumu aliyekutunza vizuri ukirudi anakukumbuka.

Usianze na painti nzima. Painti ya Marekani ni mililita 473, ni nyingi kwa bia ambayo hujui kama utaipenda. Omba trei ya sampuli, ile ya vigilasi vinne vinne, kila kimoja kina kama mililita 120. Weka rai moja ya hopsi nyingi, rai moja nyeusi nyeusi kama wanayo, bia moja ya ngano, na bia moja ya shayiri tupu ya kulinganishia. Hiyo ya mwisho watu wanaiona haina maana lakini ndo muhimu kuliko zote, maana rai ukiinywa peke yake unasema tu ni bia nzuri, ila ukinywa ya shayiri halafu ukarudi kwenye rai ndo unasikia ile pilipili manga inaingia nyuma ya ulimi.

Angalia asilimia ya kilevi. Ziko rai za 5, ziko za 6.6, na ile Hop Rod Rye ilikuwa 8. Ikiwa 8 au zaidi, omba nusu glasi, baa nyingi wanakubali na hakuna anayekushangaa.

Kama mhudumu anakuonjesha kabla hujaagiza, moja au mbili zinatosha. Sio kumaliza bomba zote bure.

Hatua ya 4: iache ipumue

Hapa ndo wengi tunakosea, mimi wa kwanza. Siku yangu ya kwanza na bia ya rai nilitoka kazini zamu ya mchana, nimechoka, glasi ilitolewa kwenye friza ina barafu pembeni, nikashusha nusu nzima kwa mkupuo mmoja kama maji. Sikusikia chochote zaidi ya baridi na uchungu. Nikaagiza nyingine nikafanya vilevile, na ya tatu, bia ya asilimia karibu 7 hiyo. Kichwa cha siku ya pili sitaki hata kukikumbuka, nikasema rai ni sumu, na nikakaa miezi kadhaa siitaki. Bia haikuwa na kosa lolote. Baridi kali inaua harufu na inauganzisha ulimi, unabaki na uchungu peke yake.

Kwa hiyo omba glasi ya kawaida, isiyotoka kwenye friza. Ikishamiminwa iache mezani dakika kumi hivi, piga stori, bia inapanda kutoka baridi ya friji mpaka nyuzi 7 hadi 10 za Selsiasi na hapo ndo inafunguka. Utaona tofauti mwenyewe, onja kidogo ikifika tu, onja tena baada ya dakika kumi, utadhani umebadilishiwa.

Angalia na glasi yenyewe. Ukiona mapovu yameganda kwenye kuta za glasi ndani, chini ya bia, hiyo glasi haikuoshwa vizuri, ina mafuta au sabuni. Mwambie mhudumu kwa upole akubadilishie. Glasi safi povu lake linakaa juu, na kila ukinywa linaacha mstari wa duara ukutani, funda moja mstari mmoja. Rai inalishika povu vizuri sana kwa sababu ya ule mnato niliosema, kwa hiyo kwenye rai hii mistari inaonekana kweli. Dada yetu wa Bungoma huwa anaihesabu, siku moja painti yake ilikuwa na mistari kumi na tisa na ilikuwa imechukua saa moja na nusu.

Hatua ya 5: tazama, nusa, kunywa

Inua glasi kwenye mwanga. Rangi inakuambia kidogo vimea gani vimetumika, nyekundu ya shaba mara nyingi kuna kimea cha karameli. Ukungu sio kasoro, rai nyingi haziwi angavu kama lager.

Halafu nusa. Najua kwetu mtu akinusa bia watu wanamwangalia, ila nusa. Zungusha glasi taratibu, ingiza pua kabisa, vuta pumzi fupi mbili. Mara ya kwanza kaka wa Uvira kufanya hivi alikaa kimya muda, akanusa tena, akasema "kaka, hii iko na harufu ya mukate wa asubui." Na ni kweli, ni mkate, ule ganda lake la juu lililokolea moto. Dada wa Bungoma yeye akasema "hii inanikumbusha busaa kwa babu," kwa sababu busaa nayo inatengenezwa na unga wa mahindi uliokaangwa pamoja na kimea cha wimbi, kuna ule moshi moshi wa nafaka iliyopita kwenye moto. Mimi nilikuwa nimeshaiwaza mbege tayari. Watu watatu, nchi tatu, glasi moja, na kila mmoja kaenda kwao. Toka siku hiyo nikaacha kuamini yale maelezo ya kwenye menyu yanayotaja matunda ambayo hatujawahi kuyala, wewe nusa useme kinachokujia wewe.

Kunywa funda dogo, lishike mdomoni sekunde mbili tatu, lipeleke kila upande, meza, halafu toa pumzi kwa puani. Hiyo ya pumzi usiiruke. Mpangilio wake kwa kawaida ni hivi, mbele unapata utamu kidogo wa karameli na mkate, katikati hopsi zinaingia na harufu za machungwa au msonobari, na mwisho kabisa, ukishameza, ndo rai yenyewe inajitokeza, kavu, ina ukali wa pilipili manga, na inakaa. Ikikaa usiharakishe funda lingine. Subiri iishe yenyewe. Kama bia ni ya hopsi nyingi sana unaweza usiione rai mwanzoni, kunywa maji kidogo, kula kipande cha mkate, rudi tena.

Maji yawepo mezani muda wote. Glasi ya maji kwa kila glasi ya bia, hiyo sisi ni sheria.

Hatua ya 6: raundi

Hili nataka niliseme vizuri maana linatugusa. Sisi kwetu bia ni ofa. Ukikaa na watu watano, kila mtu atatoa raundi yake, na ukikataa raundi ya mtu ni kama umemkataa yeye. Ni desturi nzuri, naipenda, inaonyesha mtu ana moyo. Ila hesabu yake na bia hizi haikubali. Huku kipimo kimoja cha kinywaji wanakihesabu kama gramu 14 za kilevi, ambayo ni bia ya mililita 355 yenye asilimia 5. Painti ya rai ya asilimia 6.6 ni karibu vipimo 1.8, na ya asilimia 8 inapita 2. Raundi tano za hizo ni karibu vipimo 9 mpaka 11 na hakuna mtu anayetoka hapo salama, na kusema ukweli kuanzia glasi ya tatu ulimi umeshachoka, unalipa pesa ya krafti kunywa kitu usichokisikia.

Sisi tulichofanya ni kubadilisha raundi tukaiacha ofa. Anayetoa raundi hanunui painti nne, ananunua trei moja ya sampuli nne anazozichagua yeye, tunaomba glasi tupu nne, tunagawana kidogo kidogo kila mtu kwenye glasi yake. Kila mmoja anapata zamu yake ya kutoa, heshima iko palepale. Watu wanne, trei nne usiku mzima, kila mtu kanywa jumla kama painti moja na kaonja bia kumi na sita. Na aliyechagua lazima aseme kwa nini kachagua, hapo ndo stori zinapoanzia. Shemeji alivyoona mara ya kwanza akasema hii ni kata ya mbege inazunguka, na ndivyo ilivyo, kule kwetu wazee hawakuwa wanashindana kumaliza, kata inapokewa, mtu anaongea, anapiga funda, inaenda kwa mwingine.

Ukishaijua unayoipenda, basi agiza painti yako moja na kaa nayo.

Na asiyekunywa asisumbuliwe. Kuna anayefunga, kuna Muislamu, kuna mjamzito, kuna aliye kwenye dawa, kuna asiyetaka tu na hana haja ya kujieleza. Baa nyingi za krafti huku zina soda wanazotengeneza wenyewe, tangawizi hasa ni nzuri mno. Aje, akae, achangie stori. Halafu kama kuna mtu mezani gluteni inamdhuru, mwambie mapema kwamba rai ina gluteni kama ngano na shayiri, isije ikawa anadhani hii ni nafaka tofauti basi iko salama kwake. Haiko salama.

Hatua ya 7: cha kutafuna

Rai inapenda nyama iliyopita kwenye moshi, jibini kali, na vitu vya kukaanga vyenye chumvi. Kwenye baa za huku tafuta sandwichi ya Reuben, nyama ya ng'ombe iliyotiwa chumvi, kabichi chachu na jibini kwenye mkate wa rai, yaani rai juu ya rai. Mabawa ya kuku yenye pilipili yanaenda pia ila chunga, hopsi nyingi zinaongeza moto wa pilipili, mdomo unaungua mara mbili. Kwa vitu vya nyumbani, nyama choma ya mbuzi na kachumbari ndo mwisho wa mambo, mafuta ya mbuzi yanatulizwa na ule ukavu wa rai. Samaki wa kuchemsha sikushauri, bia inammeza. Keki na vitu vitamu sana pia hapana.

Hatua ya 8: kurudi nyumbani

Mwili unatoa kama kipimo kimoja kwa saa, na hakuna kahawa wala supu wala maji baridi ya kuharakisha hilo, muda tu. Michigan ukishikwa unaendesha ukiwa na asilimia 0.08 ya kilevi kwenye damu au zaidi ni kesi, na kwa sisi wageni kesi ya namna hiyo inaweza kukufuata mpaka kwenye makaratasi yako ya uhamiaji. Hata chini ya hapo unaweza kushikwa kama uendeshaji wako unaonyesha umelewa. Kwa hiyo yule mliyemchagua tangu asubuhi anaendesha, au mnaita Uber mnachangia. Gari iache pale, asubuhi unaifuata, uliza tu baa kama parkingi inaruhusu kulala.

Hatua ya 9: ukiipenda

Piga picha menyu, andika kwenye simu jina la bia, asilimia yake na neno moja tu la ulichosikia, mkate, pilipili, busaa, chochote. Baada ya miezi mitatu una orodha yako na mhudumu akikuuliza unapenda nini unamjibu kitu cha maana.

Nyingi zinauzwa kwa makopo palepale. Geuza kopo chini usome tarehe, bia ya rai yenye hopsi nyingi inywe ndani ya miezi mitatu toka ifungwe, harufu za hopsi zinakufa haraka. Weka kwenye friji, sio kabatini wala kwenye buti ya gari wakati wa joto. Siku ya kuinywa itoe dakika kumi na tano kabla, imimine kwenye glasi safi, usinywee kopo, harufu itabaki humo ndani. Na makopo usiyatupe, Michigan kila kopo la bia umelilipia senti 10 pale dukani, yakusanye kwenye mfuko, ukienda supamaketi unayaingiza kwenye ile mashine ya mlangoni moja moja inakupa risiti unarudishiwa hela yako.